Uganda Hawakufunga Maji: Maneno Ninayoyasikia Kila Nikipeleka Wageni Bwawa la Jinja

Safari ya Jinja hainichoshi kwa barabara wala kwa foleni ya Busia. Inanichosha kwa swali moja. Tukitoka Kisumu, kabla hatujapita Maseno, kuna mtu, mara nyingi mzee aliyekaa nyuma ya dereva, atatamka kwa uhakika wa aliyeshuhudia kwa macho: "Hawa Waganda walifunga milango ya bwawa 2020, ndiyo maana sisi tulizama." Na gari zima litaitikia. Nimelisikia kwa walimu, kwa wavuvi, kwa watu waliosomea uhandisi na ambao wangepaswa kuona haya. Sasa naliandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hili nami nipumzike.

Bwawa tunalokwenda kuliona, pale Jinja, Uganda, mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, ni Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale. Lilifunguliwa rasmi tarehe 29 Aprili 1954. Kabla ya hapo, maji ya Ziwa Victoria yalitoka kwa kumwagika juu ya mwamba wa asili, Ripon Falls, na mwamba huo ndio uliokuwa ukiamua maji kiasi gani yaende Misri. Ziwa likijaa, yanapita mengi, likipungua, machache. Bwawa lilipojengwa, mwamba ukachimbwa na kuzama, na kazi yake ikahamia kwenye milango ya zege na mitambo. Misri na Waingereza, waliokuwa wakitawala Uganda wakati huo, hawakuwa wajinga. Walikubaliana kwamba bwawa litatoa maji kwa kufuata mchoro maalumu: ziwa likiwa kwenye kina fulani, yatoke maji kiasi kile kile ambacho Ripon Falls ingetoa. Wenyewe huuita Agreed Curve. Misri hata iliwekewa nafasi ya kuwa na mhandisi wake pale pale Jinja, kuangalia kama hesabu inafuatwa.

Kwa hiyo bwawa halikujengwa kulizuia ziwa. Lilijengwa liige mwamba uliokuwepo.

Lakini tuseme, kwa ajili ya mzee wangu wa nyuma ya dereva, kwamba Waganda waliamka na roho mbaya wakafunga kila mlango. Ingekuwaje? Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu kichwani wanaliona ziwa kama sinki lenye kizibo: ziba, linajaa, zibua, linakauka. Tufanye hesabu. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800. Chukua mtiririko wa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, ambao si wa ajabu pale Jinja. Kwa siku nzima hayo ni mita za ujazo milioni 86.4. Yatandaze juu ya ziwa lote, kuanzia Dunga, hapa Kisumu, hadi Mwanza hadi Entebbe. Unapata milimita moja na robo. Huo ndio urefu ambao ziwa lingepanda kwa siku kama bwawa lingefungwa kabisa, bila tone kupita.

Sasa linganisha na kilichotokea. Kati ya Oktoba 2019 na mwisho wa Aprili 2020 ziwa lilipanda kwa mita 1.32. Ufunge Nalubaale na Kiira, bwawa la jirani yake, kwa miezi yote hiyo saba, uwaache Waganda gizani na Misri ikilalamika, na utapata kama sentimita 27. Iliyobaki, zaidi ya mita nzima, ilitoka wapi?

Ilitoka juu. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka ni mvuke unaopanda kwa jua. Mito yote tunayoijua, Kagera, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, inaongeza kiasi kidogo, na Nile inatoa kidogo. Mwisho wa 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, mvua za vuli zikamwagika bila adabu, na kabla ardhi haijakauka masika yakaingia. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 na kuivuka ile rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena na kuzidi hata hapo.

Kama bado huniamini, fikiria Ziwa Nakuru. Halina bwawa. Halina mto unaotoka hata mmoja. Lakini lilipanda miaka ile ile, likameza geti la zamani la hifadhi ya wanyama, likawafukuza watu kwenye nyumba zao. Baringo nako vivyo hivyo, hoteli na shule zikaingia majini. Naivasha, Bogoria, hata Turkana. Nani alifunga milango ya Nakuru? Swali hili nikiliuliza ndani ya gari huwa napata dakika kadhaa za utulivu, na nazithamini sana.

Kuna toleo la pili la dhana hiyo, lenye sauti ya huruma zaidi: "Basi wangefungua, sisi tupumue." Walifungua. Katika msimu ule wa 2020 Uganda iliongeza maji ya kutoka hadi kama mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, na waliolia wakawa watu wa kando ya mto huko chini kwao. Kwa kiwango hicho ziwa linashuka milimita tatu kwa siku, na hapo ni kama mvua na mvuke vimelingana. Kushusha mita moja kungechukua karibu mwaka mzima. Mvua kubwa ya usiku mmoja ziwani inafuta kazi ya bwawa ya wiki. Ndiyo maana mtu wa Dunga aliyeona maji yamefika mlangoni pake hakusaidiwa na milango ya Jinja, na hatasaidiwa nayo mwaka ujao.

Na tafadhali, tusichanganye mambo. Mafuriko ya Ahero na uwanda wa Kano si mafuriko ya ziwa. Ni mto Nyando ukishuka na mvua ya milima ya Nandi na Kericho, ukifika tambarare ukakosa pa kwenda. Mafuriko hayo huja hata ziwa likiwa chini. Ziwa likiwa limejaa, kweli, mto hutoka kwa shida zaidi kule mdomoni, lakini maji yenyewe yametoka Kenya, yamepita Kenya, yameharibu Kenya. Budalang'i ni hivyo hivyo na mto Nzoia. Kusimama juu ya tuta la Nzoia ukiilaumu Uganda ni kutafuta mchawi nyumba ya jirani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bwawa la Jinja liliwahi kulaumiwa kwa haki, ila kwa kosa la kinyume. Kati ya 2004 na 2006 kulikuwa na ukame, Uganda ikawa na njaa ya stima, na maji yakapitishwa kwenye mitambo kuzidi mchoro wa makubaliano. Ziwa likashuka vibaya. Ukame ulichangia sehemu na bwawa likachangia sehemu. Wakati huo upande wa Kisumu maji yalirudi nyuma, mashua zikabaki kwenye matope, wavuvi wakavuta nyavu juu ya nchi kavu. Hilo ndilo lalamiko lenye msingi, na katika wageni wangu hakuna anayelikumbuka. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini: mwenye mitambo ya umeme anataka maji yapite. Maji aliyoyazuia hayamlipi. Jaribu lake ni kufungua mno, si kufunga.

Mambo mengine ninayoambiwa na wageni nitayapitia haraka.

"Kiira liliongeza maji." Hapana. Kiira, megawati 200, liko kama kilomita moja tu kutoka Nalubaale yenye megawati 180, na lina mfereji wake. Yanagawana mto mmoja. Ziwa likiwa chini, huwezi kuyaendesha yote mawili kwa nguvu zote na bado ukaheshimu mchoro. Ukiliona limesimama siku yako ya ziara, usiseme limeharibika.

"Tutaona maporomoko." Ipi? Ripon na Owen Falls zilizama 1954. Bujagali, ambayo baadhi yenu mmeiona kwenye kalenda za zamani, ilizama bwawa la Bujagali lilipojengwa, nalo likazinduliwa 2012. Anayetaka maji meupe yenye kelele atafute wanaopeleka watu kwa mashua za mpira kule chini zaidi. Hiyo ni safari nyingine na nguo nyingine.

"Ni ukuta mrefu wa kutisha." Wageni huteremka garini, wanatazama, halafu wanasema, "Kumbe ndilo hili?" Nalubaale ina kimo cha mita 31 hivi. Ukubwa wake uko kwenye upana, mita 831, na kwenye ziwa lililo nyuma yake. Ukitaka kimo, hapa kwetu kuna Turkwel kule West Pokot, mita 153, ukuta mwembamba uliopinda katikati ya korongo, unaokufanya ushike chuma cha ukingoni bila kujua. Usiende Jinja ukitafuta Turkwel.

"Bwawa haliwezi kuzimwa na majani." Hili ni la wale wanaocheka gugumaji letu. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kinachoelea, mafunjo yaliyoshikana na udongo, kilitembea kutoka ziwani kikaja kuziba mitambo ya Nalubaale, na Uganda nzima ikaingia gizani. Mkifika, angalieni upande wa juu wa bwawa: vipande vya mafunjo na gugumaji hupita pale taratibu, kimoja na ndege wake juu, kama hakuna jambo.

"Asilimia 30 ya Nile inatoka kwenye chemchemi chini ya maji." Huyu ni mwenye mashua anayezungusha wageni pale Nile inapoanza. Atazima injini, ataonyesha mahali maji yanapochemka kidogo, na atakupa asilimia hiyo kwa uso mkavu. Mwulize kwa upole alipimia wapi. Kinachoingia Nile pale ni ziwa, na maji yanapopita juu ya miamba iliyozama huwa yanachemka hivyo. Mpe hela zake, ni mtu wa kazi, ila usiipeleke asilimia hiyo nyumbani kwa watoto.

"Uganda ikifunga, Misri inakufa." Sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka milima ya Ethiopia, kama asilimia 85. Tawi letu la Nile hupoteza karibu nusu ya maji yake kwa mvuke kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Maji yetu ni muhimu kwa Misri kwa sababu hayakauki mwaka mzima. Ni kitu tofauti na kuwa na mkono kwenye koo lao.

"Umeme ule ni wa Waganda, hautuhusu." Kenya ilianza kununua stima ya Owen Falls miaka ya 1950. Laini kutoka Tororo iliingia kwetu kabla hatujawa na mabwawa yetu makubwa ya mto Tana. Wazee wenu walisoma kwa taa za Jinja.

"Ni ya nusu siku, basi tutarudi kula mchana Kisumu." Nusu siku inaanza ukishafika Jinja. Ongeza barabara ya kwenda Busia, mpaka wenyewe, halafu Bugiri, Iganga na malori ya miwa ya Kakira. Wenye akili hulala Jinja usiku mmoja na kwenda bwawani asubuhi, kabla jua halijapamba moto na kabla vikundi vya shule havijafika. Wanaokataa kulala huona bwawa wakiwa na njaa na usingizi, kisha wananilaumu mimi.

"Nitapiga picha yangu juu ya bwawa." Hutapiga. Barabara ya zamani ya Kampala hupita juu yake na pale kuna wanajeshi, na hawana ucheshi. Daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018 nalo lina walinzi. Simama pale na simu mkononi uone. Ndani ya kituo huingii kwa kubisha hodi. Tangu Aprili 2023 mitambo iko chini ya kampuni ya serikali yao, UEGCL, na ruhusa huombwa kwa maandishi mapema. Ukiniletea jina lako asubuhi ya safari, utabaki getini ukinywa soda.

"Lazima paspoti." Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kilichochakaa hadi sura haionekani ndicho huleta shida Busia, kwa hiyo kitazame kabla ya kulipa nauli. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia ibebe, hata kama mwenzako alivuka bila kuulizwa. Na viatu viwe vya kufunika vidole: anayekuja na ndala haruhusiwi kwenye ukumbi wa mitambo, na mimi sina za kuazima.