Udhibiti sio kufungia jamani

Jana tena, kijiweni kwa kahawa hapa Ngamiani, watu watano tumeinamia simu moja tunaangalia mechi, kiduara kikaanza kuzunguka, mjomba mmoja akaweka kikombe chini akasema ndo udhibiti huo, serikali imeshaminya. Wote wakaitikia. Nikachungulia, simu imebaki na mb 11.

Haya, udhibiti ni serikali kuweka masharti ya soko na kusimamia yafatwe, nani apewe leseni, alipe nini, mteja akipunjwa ashtaki wapi. Upande wa mawasiliano kwetu msimamizi ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Maana ndo hiyo, imeisha.

Kinachoniudhi ni vile neno linavyoteswa. Asili yake Kiarabu, dhabata, kukishika kitu kikakaa imara na sawasawa, na ndugu yake wa tumbo moja ni madhubuti (thabiti wala sio ndugu, mzizi mwingine kabisa, zinafanana tu mdomoni). Sasa ngalawa ikiwa madhubuti nani anasema imefungiwa? Kufungia ni kufungia. Na kukagua filamu ipi ipite ipi isipite ni jambo la tatu, hilo lina Bodi ya Filamu yake, ila sie tunayatia yote kapu moja tunaita udhibiti.

Sikatai, masharti yanaweza kukaba. Zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie leseni milioni 1 kwa mwaka, kijana wa Pongwe anayerekodi kwa simu ataitoa wapi? Lakini India, Februari 2016, mdhibiti wao alikataza kampuni za simu kutoza bei tofauti za data kulingana na unachofungua, maana yake huduma ndogo ya video haiwezi kuzidiwa na kubwa eti kwa sababu kubwa imeelewana na kampuni ya simu. Septemba mwaka huohuo kampuni ya simu ya Jio ikaingia na bando za kutupwa, watu wakaangalia video mpaka basi. Umoja wa Ulaya nao, sheria yao ya 2018 inataka angalau 30% ya vilivyomo kwenye huduma kama Netflix viwe vya kwao. Huo wote ni udhibiti, na sio kufungia.

Kwa hiyo mjomba, ya jana sema bando limekata. Ukitaka kuushika udhibiti shati, anzia kwenye bei ya hilo bando, hapo tuko pamoja na kahawa nalipa mimi.