Dawa ya Saratani kwa Mtoto wa Selimundu

Mama mmoja hapa Kisumu alifungua karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, akasoma, akairudisha mezani. "Daktari, hii imeandikwa ya saratani. Mtoto wangu ana selimundu."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukanda huu wa ziwa una selimundu nyingi, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu ya malaria: anayerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa kiasi na malaria kali, anayerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Si chira, ile laana ya kuvunja mwiko, wala si kosa la mama.

Dawa yenyewe, haidroksiurea, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869. Molekuli yake ina atomu 9 tu, na udogo huo ndio nguvu yake. Linganisha na insulini ya kisukari: hiyo ni protini. Ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama maharagwe, ndiyo maana hudungwa. Haidroksiurea humezwa, ikapenya utumbo, ikaingia kwenye damu hadi ndani ya seli. Humo huzuia kimeng'enya kinachoandaa matofali ya DNA. Bila matofali seli haigawanyiki, na saratani ya damu ni seli zinazogawanyika bila breki.

Lakini dawa hiyo hiyo hupandisha himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kichanga, ile tunayozaliwa nayo na ambayo hupungua miezi ya mwanzo. Himoglobini hii huzuia ile ya selimundu isishikamane na kuikunja seli nyekundu kama mundu. Seli ikibaki laini, hupita kwenye mishipa myembamba; vidole vya mtoto havivimbi, na nyumba nzima hulala. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998.

Hofu ilibaki: dawa inayopunguza seli nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa, itamfaa mtoto anayeishi na mbu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 606 waliotumia dawa hii Angola, Kongo, Uganda na kwetu Kilifi. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa takriban nusu, na vifo vikapungua pia.

Hata hivyo kipimo cha damu kisirukwe. Seli nyeupe zikishuka mno, dawa husimamishwa kwanza. Kapsuli isifunguliwe nyumbani, na mwenye mimba asiiguse.

Mama yule aliuliza tena: kabla ya uji au baada?

Vyovyote, mama. Ila saa ile ile kila siku, na maji ya kutosha.