Ukuta wa mawe si wa kupigwa mulika mwizi

Jengo la zamani likishakarabatiwa, wenye nyumba wengi huniomba kitu kimoja: tuwekee taa kali lionekane kutoka mbali. Nami huwaomba kwanza tukutane pale jioni. Hapa Nairobi giza huingia mwendo wa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo hatungoji sana.

Mfukoni huwa na taa moja ndogo. Naiweka chini, shubiri moja hivi kutoka ukutani, imulike kwenda juu. Kama ukuta ni wa yale mawe yetu ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, kila alama ya tindo hutupa kivuli chake, na unaona kabisa fundi alivyokuwa akipiga. Hufurahia jambo hili kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Ila taa hiyo hiyo ukiisogeza kwenye plasta iliyozibwa viraka, kila kiraka hujitokeza kama kovu. Hapo naivuta nyuma mita mbili au tatu, na ukuta unatulia.

Nguzo nazo wengi huzimulika usoni, zikaonekana bapa kama zimechorwa. Ningepewa Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 pale Banda Street, mwanga ningeupeleka kwenye ukuta ulio nyuma ya nguzo. Ukuta ung'ae, nguzo zisimame mbele yake zikiwa nyeusi, unene wake wote uonekane.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikipanda mwanga huzidi kuwa mweupe: mimi sipandi juu ya kelvini 3000. Ukifika 4000, jiwe la miaka tisini hufanana na saruji ya juzi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni matundu ya nyaya na taa. Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja katikati ya jiji ambapo taa zilifungwa kwa kutoboa mawe yenyewe, kisha matundu yakazibwa kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Maji ya mvua yaliingia yakakosa pa kutokea, na nilipopitisha kidole kando ya tundu, uso wa jiwe ulimeguka kama ganda la mkate. Chokaa inayounganisha jiwe na jiwe ikiharibika unaikwangua na kujaza upya. Jiwe likishameguka limekwenda.

Siku hizi, kabla drili haijachomekwa kwenye umeme, nazunguka na chaki nikitia alama kila tundu mwenyewe, na hakuna alama inayotoka nje ya mstari wa chokaa.