"Jikaze, umekaribia!" si kumtia mtu moyo

Nimeambiwa tena kwamba triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, ni mchezo wa mtu peke yake, na kwamba habari za kutiana moyo ni mapambo tu: ukimwona mwenzako kachoka unampigia kelele "jikaze, umekaribia", wajibu wako umekwisha. Nimelijibu jambo hili kwa mdomo mara nyingi kupita kiasi. Leo naliandika, ili safari nyingine nimpe mtu asome.

Kwanza hilo la "peke yake". Mbio za kwanza za Ironman, triathloni ya masafa marefu, tarehe 18 Februari 1978 kisiwani Oahu, ziliingiwa na watu 15 na wakamaliza 12. Kila mshindani alitakiwa kuja na watu wake wa kumhudumia njiani. John Dunbar alianza kukimbia akiwa mbele, kisha wasaidizi wake wakaishiwa maji, wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11:46:58. Tangu siku ya kwanza, basi, aliyekuwa pembeni yako alikuwa sehemu ya matokeo yako, kwa heri au kwa shari.

Sasa "umekaribia". Mtu aliyechoka hugawa nguvu zake kwa hesabu ya umbali uliobaki. Hesabu hiyo ndiyo inayomshikilia. Ukimwambia amekaribia huku zimebaki kilomita tatu, ama atakuamini, atoe akiba yote, na kilomita moja baadaye miguu igome. Ama hatakuamini, na umempotezea ile sekunde moja aliyokutazama. Vivyo hivyo "unaonekana vizuri sana!" kwa mtu ambaye chumvi imemkauka usoni na bega moja limeshuka. Anajijua alivyo. Anachokosa ni habari ya kweli anayoweza kuitumia.

Kwa hiyo mpe habari. Namba, mahali, na tendo moja: "Rehema! Mita 400, kona ya kushoto, maji. Legeza mabega." Jina litangulie, maana bila jina hatajua kwamba anasemeshwa yeye. Mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika sita hutumia takriban sekunde tatu na nusu kukata mita 10, kwa hiyo anza kusema akiwa bado hajakufikia. Ukingoja awe mbele yako, nusu ya maneno ataisikia kisogoni. Umbali upime mapema kwa miguu yako au kwa saa yako, usikisie. Na kama njia ni ya mizunguko, ujue yuko mzunguko wa ngapi. Kumpongeza mtu wa mzunguko wa pili kana kwamba yuko wa mwisho ni ukatili, hata ukiufanya kwa upendo.

Mahali pa kusimama nako watu hukosea. Wote wanarundikana mita 200 za mwisho, pale ambapo mshindani hahitaji mtu, kwa kuwa utepe anauona kwa macho yake. Katika kilomita 10 za kukimbia zinazomalizia masafa ya Olimpiki, simama kati ya kilomita ya sita na ya nane. Katika marathoni inayomalizia masafa marefu kabisa, kati ya kilomita ya 25 na ya 35, tena sehemu tupu isiyo na muziki wala watu.

Na muulize kabla. Wiki moja kabla ya mbio mwambie mwenzako: "Ukizidiwa, unataka nikuambie nini?" Wapo wanaotaka ukali, wapo wanaotaka kukumbushwa kula, wapo wanaotaka unyamaze na uonekane tu. Kuna wanaotaka kujua wako nafasi ya ngapi, na kuna ambao habari hiyo huwavunja kabisa. Ukikisia, utakosea kwa wengi wao.

Kuna jaribio la maabara la mwaka 2002 ambalo makocha tunapenda kulitaja. Watu waliohimizwa kila sekunde 20 au kila sekunde 60 walijitahidi kuliko wasiohimizwa. Waliohimizwa kila sekunde 180 hawakupata faida hiyo. Ukilichukua kwa uzito, linaharibu hoja ya shangwe za pembeni, kwa sababu hakuna shabiki anayekufikia kila dakika moja katika njia ya kilomita 42. Anayeweza kukufikia ni mshindani mwenzako anayekimbia ubavuni kwako. Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya kutiana moyo hufanywa na wanatriathloni wenyewe, ndani ya mbio, na kidogo sana na sisi tulioshika mabango.

Hapo ndipo kanuni zinapoingia, na ndipo watu wa ridhaa wengi hukosa kwa nia njema. Asiyeshindana haruhusiwi kukimbia nawe wala kukuwekea mwendo. Mshindani mwenzako, kwa kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, anaweza kukupa tyubu ya baiskeli, pampu, jeli ya wanga, kinywaji. Hawezi kukupa kitu kitakachomfanya yeye ashindwe kuendelea, kama gurudumu, helmeti au baiskeli nzima. Mkifanya hivyo mnaondolewa wote wawili. Kumsukuma au kumkokota mtu nako kumekatazwa. Mwingereza Alistair Brownlee alipomshikilia ndugu yake Jonny na kumsukuma hadi kwenye mstari wa mwisho kule Cozumel, Meksiko, mwaka 2016, kanuni ziliacha nafasi ya kufanya hivyo, baadaye nafasi hiyo ikafungwa. Na mwaka 2019, kwenye mashindano ya majaribio ya Olimpiki jijini Tokyo, Jessica Learmonth na Georgia Taylor-Brown walivuka wameshikana mikono wakaondolewa wote, ushindi ukaenda kwa Flora Duffy. Hao ni wa kulipwa. Lakini kabla hujapanga kumaliza mkono kwa mkono na mwenzako, soma kanuni za mbio zenu.

Msaada wa tyubu una tatizo ambalo halitajwi mpaka limtokee mtu. Unasimama, unampa mwenzako tyubu kwa moyo mweupe, vali ina milimita 48, rimu yake ni ndefu ya milimita 60. Vali haichomozi, pampu haishiki, umempa mzigo. Kama kundi lenu lina rimu za urefu tofauti, kila mtu abebe vali ndefu. Ndefu huingia kwenye rimu fupi bila shida. Mwenye mtungi mdogo wa gesi ya kujazia tairi abebe miwili, na amfundishe mwenzake kuufungua taratibu. Gesi ikitoka kwa pupa kabla kichwa hakijakaa kwenye vali, mtungi wa gramu 16 huisha hewani.

Majini nitapita haraka. Kabla ya kuanza, mkaguane suti za mpira za kuogelea: ivutwe juu kuanzia vifundoni na viganjani mpaka kusibaki nafasi kwapani. Suti iliyovaliwa chini hukaza koo, na mtu mwenye hofu huhisi anakabwa. Mazoezini, ukimsindikiza mgeni, kaa upande anaovutia pumzi, umbali wa zaidi ya mkono mmoja. Usitangulie, usimguse, aliyeshikwa na hofu atakupanda. Mwambie toa pumzi ndani ya maji, kwa kuwa hofu nyingi huanza na pumzi iliyofungiwa. Ikizidi, ageuke chali, apungie mkono, ashike kayaki au boya. Kushika kunaruhusiwa maadamu hakumsogezi mbele. Wengi hawalijui hilo, wanaogopa adhabu, wanaendelea kuhangaika. Mkumbushe mwenzako asubuhi ya mbio. Sentensi hiyo moja hutuliza kuliko "usiogope" kumi.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote: kusubiriana kileleni.

Kundi la mazoezi ya baiskeli linatangaza kwamba halimwachi mtu. Linapanda mlima, wenye nguvu wanafika juu, wanakunywa, wanakula, wanapiga soga dakika tano. Wa mwisho anatokea, uso mwekundu, mguu mmoja bado umo kwenye pedali, na mtu anasema kwa furaha: "Haya, tumekamilika, twende!" Fanyeni hesabu. Milima mitatu baadaye, aliyehitaji pumziko kidogo kuliko wote amepumzika dakika 15, aliyelihitaji kuliko wote amepumzika sifuri. Halafu mtu huyo asipotokea wiki inayofuata mnasema hana moyo. Moyo alikuwa nao. Mlimkausha nyinyi, na mkajisifu kwamba mlimsubiri.

Kanuni inayofaa ni rahisi: saa ya mapumziko huanza wa mwisho anapoweka mguu chini, inakwenda dakika tatu kamili, na yeye ndiye anayesema "twende". Wenye nguvu wasipotaka kupoa, wageuze, wateremke wamfuate, wapande naye tena. Wanapata mazoezi ya ziada, naye anapata mtu wa kupanda naye. Na wakifika kwake wasimwulize "uko sawa?", kwa sababu jibu ni "niko sawa" hata mtu akiwa anakaribia kuanguka. Wamwulize "umekula nini tangu tuanze?" Jibu la swali hilo linapimika. Kama mmeendesha kwa muda wa saa mbili naye amekula jeli moja tu, mmejua tatizo, maana hata gramu 60 za wanga kwa saa hajazikaribia.

Kwenye barabara tambarare, msimweke mdhaifu mkiani. Watu humweka pale kwa huruma, eti asimzuie mtu. Kila anayetangulia akiongeza mwendo kidogo baada ya kona, pengo hutanuka kadiri linavyorudi nyuma, na wa mwisho hulazimika kukimbiza kwa nguvu zote ili tu abaki kundini. Mweke wa pili au wa tatu, penye upepo mdogo na mwendo usiokatikakatika. Mwendeshaji mzoefu ndiye akae mkiani. Anayeongoza akitoka kwenye kona azungushe pedali mara kumi kabla ya kurudisha kasi. Na yule anayeendesha sambamba na mwenzake huku kila mara akichomoza nusu gurudumu mbele aambiwe wazi aache. Mwenzake hujibu kwa kuongeza, naye anachomoza tena, na safari ya kupumzisha miguu inageuka mashindano ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tahadhari moja. Mbio nyingi za ridhaa haziruhusu mtu kujikinga upepo nyuma ya mwenzake: pengo ni mita 10 kwa masafa mafupi, 12 kwa marefu, kutoka gurudumu la mbele hadi gurudumu la mbele. Kwenye masafa marefu ukiingia eneo la mwenzako una sekunde 25 za kumpita. Kwa hiyo ukitaka kumtia moyo, sema neno lako ukiwa unapita, uende zako. Wawili wanaoendesha bega kwa bega wakifarijiana watafarijiana vizuri zaidi kwenye hema la adhabu, wanakosimamishwa waliovunja kanuni. Mazoezini nako, siku moja kati ya kadhaa mwendeshe kwa pengo hilohilo la mita 12. Aliyezoea kukingwa upepo kila wiki hushtuka siku ya mbio, akadhani ameugua.

Nimefika pagumu. "Kunywa maji! Kunywa maji!" ni himizo tunalolirithishana, na kwa mtu fulani ni baya. Anayekwenda polepole, ambaye yuko njiani kwa muda wa saa kumi na zaidi na amechukua kikombe katika kila kituo, anaweza kuwa amekunywa kupita kiasi hadi sodiamu ya damu imeshuka. Vidole vimevimba, pete inabana, kichefuchefu, kichwa kinauma, maneno yanachanganyika. Ukimwongezea maji matupu unamzidishia. Huyu anahitaji mtu wa huduma ya kwanza.

Na "jikaze" kwa mtu ambaye joto la mwili limepanda mno ni hatari kubwa zaidi. Usingoje ngozi ikauke. Wengi hufikia hatua hiyo wakiwa bado wanatoka jasho. Dalili ya kuaminika ni akili. Muulize: "Uko mzunguko wa ngapi?" Akikosea, akikasirika bila sababu, akiyumba, ita wahudumu, mpelekeni kivulini, mmwingize kwenye maji ya barafu pale pale. Kupoza kwanza, kumsafirisha baadaye.

Vitabu huandika hayo kana kwamba mpaka kati ya kuchoka na kuzidiwa umechorwa kwa chaki. Haujachorwa. Mtu aliyeishiwa sukari naye huyumba, naye husema ovyo, na jeli moja na dakika kumi za kutembea humrudisha. Nikisema asimame, huenda nimemnyima medali aliyoifanyia kazi mwaka mzima. Nikisema aendelee, huenda nimemuua. Shaka hiyo hainitoki, na simwamini kocha anayesema imemtoka. Ninachokishika ni utaratibu: jeli na kutembea vinaruhusiwa kwa yule tu aliyejibu swali la mzunguko sawasawa. Aliyekosea anasimama, hata akinitukana.

Aliyesimamishwa, au aliyepitwa na muda, hahitaji hotuba. Usimwambie kwamba kuna mbio nyingine. Analijua hilo, na saa ile halimsaidii. Mpe nguo kavu, kitu cha chumvi, mahali pa kukaa. Kisha mwombe namba yake, kwa sababu eneo la kubadilishia, baiskeli zinakowekwa, haliachii baiskeli bila namba inayolingana nayo, na kutembea kule ndani kuichukua, katikati ya watu wenye medali shingoni, ndiyo safari ambayo hatakiwi kuifanya. Nenda kamchukulie. Kagua chupa zote mbili, saa, viatu na miwani ya kuogelea. Miwani ndiyo inayosahaulika chini ya taulo.