Kusitisha ufufuaji: daktari wa dharura anapoamua kuacha

Kusitisha ufufuaji ni uamuzi wa kuacha kukandamiza kifua cha mgonjwa, kuacha kumpa hewa na kuacha kumchoma dawa za kuamsha moyo, kwa sababu daktari amejiridhisha kwamba moyo ule hautarudi tena. Kifo hutamkwa baada ya hapo. Ndugu wanaosubiri nje ya mlango mara nyingi hudhani mgonjwa alikufa kwanza, ndipo madaktari wakaacha. Sisi tunaofanya kazi kwenye dharura hatuoni hivyo. Mtu ambaye moyo wake umesimama hana mapigo, hapumui wala hajitambui, na bado kwetu ni mgonjwa anayetibiwa. Anahesabiwa kuwa amefariki pale tunapokuwa na hakika kwamba hakuna cha kumrudisha.

Hakika hiyo ndiyo kazi ngumu. Moyo ukisimama, viungo havifi vyote kwa mpigo mmoja. Ubongo ndio wa kwanza kuumia: ukikosa damu kwa dakika nne hadi sita, madhara ya kudumu huanza. Ngozi, mifupa na misuli huvumilia muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kufa ni mwendo unaochukua muda, na ufufuaji ni kuingilia katikati ya mwendo huo kwa matumaini kwamba ubongo bado upo.

Njia tunayotumia leo haina umri mkubwa. Mwaka 1960 watu watatu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, yaani Kouwenhoven aliyekuwa mhandisi wa umeme, daktari wa upasuaji Jude na mwenzao Knickerbocker, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba damu inaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa nje. Kabla ya hapo njia iliyotegemewa ilikuwa kupasua kifua na kuubana moyo kwa mkono. Waliandika kwamba sasa mtu yeyote, popote, anaweza kuanza. Kinachotakiwa ni mikono miwili tu. Waliowafikiria zaidi ni watu ambao moyo wao umesimama ghafla: mgonjwa aliye mezani akifanyiwa upasuaji, aliyepigwa na umeme, mwenye shambulio la moyo. Lakini jambo likishawezekana hufanywa kwa kila mtu, na haikuchukua muda hospitali za Marekani zikawa zinawakandamiza hata wagonjwa wa saratani waliokuwa wakimaliza siku zao. Mwongozo wa mwaka 1974 wa huko huko ukasema wazi kwamba ufufuaji umekusudiwa kuzuia kifo cha ghafla kisichotarajiwa, na haufai kwa ugonjwa usiotibika ambao mwisho wake unajulikana. Miaka miwili baadaye hospitali za Boston zikachapisha taratibu za kuandika mapema kwenye faili kwamba mgonjwa fulani asifufuliwe.

Ukiingia chumba cha dharura wakati kazi imepamba moto, utamwona mtu amesimama juu ya kigoda, mikono imenyooka, anakandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita. Kwa mtu mzee mbavu huvunjika, na anayekandamiza anazisikia chini ya viganja vyake. Kila dakika mbili anapokewa na mwingine kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajajua. Muuguzi mmoja anaandika saa na dawa: adrenalini miligramu moja kila baada ya dakika tatu hadi tano. Hata kazi hiyo ikifanywa vizuri kabisa, damu inayozunguka ni robo hadi theluthi ya kawaida. Ufufuaji wenyewe hauponyi kitu. Unanunua muda wa kutafuta kilichousimamisha moyo.

Hapo ndipo daktari wa dharura anapofikiri kwa haraka kuliko wakati wowote. Je, huyu ni mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, madini ya potasiamu yakapanda kwenye damu? Kijana wa bodaboda aliyegongwa, hewa imejaa upande mmoja wa kifua na inaubana moyo? Binti mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, damu yote imemwagikia tumboni? Amekunywa sumu? Sukari imeshuka? Kila swali lina dawa yake, na baadhi ni rahisi ajabu: sindano ndefu ikichomwa mahali sahihi kifuani, hewa hutoka kwa sauti unayoisikia, na mapigo yanaweza kurudi shingoni dakika hiyo hiyo.

Sababu zote zikishatafutwa na zile zinazotibika kutibiwa, na moyo bado kimya, tunapima kama tuache. Hakuna dakika maalumu iliyoandikwa kwamba ikifika hiyo, basi. Tunaangalia aliyeanguka alionwa na nani, na mikono ya kwanza ilifika kifuani baada ya muda gani. Mtu aliyeletwa kwenye bajaji kutoka mbali bila yeyote kumkandamiza njiani amepoteza dakika ambazo hatuwezi kumrudishia. Tunaangalia monita, ile skrini inayochora mwendo wa moyo, inaonyesha nini, maana moyo unaotetemeka unaweza kukubali mshtuo wa umeme, ila ule ambao mstari wake umenyooka haukubali. Tunaangalia kwa altrasaundi kama ukuta wa moyo unacheza. Umri peke yake si sababu ya kuacha. Na baridi ina hukumu yake: mwaka 1999 huko Norwe, Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu ya mto kwa dakika 80, joto la mwili likashuka hadi nyuzi 13.7, akarudishwa na akaishi. Baridi ilikuwa imeulinda ubongo wake. Mtoto anayezama kwenye maji ya vuguvugu ya pwani yetu hana kinga hiyo, na ndiyo maana mikono ya watu walio ufukweni ina thamani kuliko mashine yangu yoyote.

Uamuzi hutolewa na anayeongoza timu, lakini hatoi kimya kimya. Husema kwa sauti yaliyofanyika, kisha huuliza: "Kuna mwenye wazo ambalo hatujalijaribu?" Swali hilo si la adabu tu. Muuguzi mdogo kuliko wote chumbani anaweza kuwa ndiye aliyeongea na ndugu na kusikia habari ya dawa ya panya. Wote wakikubaliana, mikono inaondoka kifuani, na saa inatajwa. Hatuondoki hapo hapo. Tunabaki dakika zisizopungua tano tukiangalia, kwa kuwa imewahi kutokea, kwa nadra sana, moyo ukaanza wenyewe baada ya watu kuacha. Tunasikiliza kifua, tunashika mshipa wa shingo, tunamulika macho kuona kama mboni zinajibu mwanga. Mwili unaweza kutoa mhemo mmoja au msuli ukaruka. Ndugu akiona hayo bila kuelezwa, ataishi akiamini tulimwacha mtu hai.

Kwa sababu hiyo mimi ni wa upande unaotaka ndugu waruhusiwe kuingia. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013, wenye ndugu 570, ulionyesha kwamba waliopewa nafasi ya kushuhudia ufufuaji walipata dalili chache zaidi za kiwewe miezi mitatu baadaye, na kazi ya madaktari haikuharibika. Chumba chetu ni kidogo, najua, na kuna mgonjwa mwingine nyuma ya pazia. Lakini mtu mmoja, akisimama na muuguzi wa kumweleza kinachoendelea, anatosha. Hakuna kanuni ya tiba inayovunjwa mtoto akimsomea baba yake shahada sikioni, au mke akimshika mumewe mguu na kuomba, huku sisi tunaendelea kukandamiza.

Kisha kuna kusema. Kwetu habari ya msiba hupitia kwa wakubwa, baba mdogo au mjomba, nami naiheshimu njia hiyo. Ila mke aliyemleta mgonjwa usiku kwa mikono yake asiwe wa mwisho kujua. Tunakaa chini wote, namwuliza anachokijua hadi hapo, halafu namwambia: "Mama, mzee alifika moyo umesimama. Tumejitahidi kuurudisha, haukurudi. Amefariki. Pole sana." Napinga kabisa desturi ya kumwambia mtu kwamba hali ni mbaya, aite ndugu, wakati mwili umeshafunikwa. Anaweza kukopa hela ya dawa ambayo haina wa kuinywa.

Upo pia uamuzi wa kutoanza kabisa, na huu ndio watu huuogopa zaidi. Mgonjwa ambaye saratani imesambaa mapafuni na kwenye ini, moyo wake unaposimama, umesimama kwa sababu mwili mzima umefika mwisho. Kumvunja mbavu hakumrudishii hata siku moja ya maana. Kutomfufua hakumaanishi kutomhudumia: anapewa mofini ya maumivu, na kwa dozi ndogo hiyo hiyo mofini hupunguza kule kuhangaika kwa pumzi. Uganda wametangulia hapa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilileta mofini ya maji ya kunywa nyumbani, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika wenyewe.

Wagonjwa hawa wanafikishwa kwangu saa nane za usiku kwa sababu hakuna aliyewaambia familia kwamba siku zimekaribia na nini kitatokea. Mwenye mgonjwa wa namna hii amwulize daktari wa kliniki, mchana, wakati mgonjwa mwenyewe bado anaongea: pumzi ikianza kukatika tumpe nini, tumpigie nani, na yeye angependa awe wapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ikae pamoja na dawa zake. Akiletwa nayo, nitajua ndani ya dakika moja kama nianze na kifua au na mofini.