Ulemavu wa kujifunza si ulemavu wa akili

Hapa Uganda jina la "ulemavu wa kujifunza" limeshaingia kwenye mikutano ya wazazi, kwenye vipindi vya redio na kwenye ripoti za muhula, na mara nyingi linatumika visivyo. Mtoto wa P4, yaani darasa la nne la msingi, kule Busia hajui kusoma: ana ulemavu wa kujifunza. Msichana mwenye hali ya Down, ya kuzaliwa nayo na inayoambatana na ulemavu wa akili: naye ana ulemavu wa kujifunza. Mvulana wa Kikongo aliyefika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka jana, ambaye bado hashiki Kiingereza cha mwalimu wake, anaitwa vivyo hivyo. Hawa ni watoto watatu wenye mahitaji matatu tofauti, na yupo kati yao ambaye huenda hana ulemavu wowote.

Maana yake si ndefu. Ulemavu wa kujifunza ni hali ya ubongo, aghalabu ya kuzaliwa nayo, inayomfanya mtu ambaye akili yake haina kasoro apate shida kubwa na ya kudumu katika kusoma, kuandika au kuhesabu. Shida ya kusoma huitwa disleksia, ya kuandika disgrafia, ya hesabu diskalkulia, na mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja. Hali hii haina kidonge, haiambukizi, na hurithiwa katika ukoo. Baba anayemgombeza mwanawe kwa kushindwa kusoma, pengine naye aliacha shule kwa sababu iyo hiyo na hakuna aliyemwambia.

Linalochanganywa kila siku ni hilo la akili. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la nchi yake habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Percy alikuwa amefundishwa kusoma kwa miaka mingi, lakini maneno ya silabi moja tu yalimtoa jasho. Jina lake mwenyewe aliliandika akibadilisha nafasi za herufi, wala hakuona kosa. Kijana huyohuyo alizidisha 749 kwa 867 haraka na akapata jibu sahihi. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mtoto kama huyo bado yupo katika shule zetu. Ndiye yule anayejibu maswali yote ya sayansi mwalimu anapouliza kwa sauti, kisha karatasi ya mtihani inarudi na alama za kusikitisha.

Jina lenyewe lilienea baada ya mwaka 1963, pale mtaalamu wa elimu wa Marekani, Samuel Kirk, alipozungumza na wazazi waliokutana Chicago. Wazazi wale walikuwa wamechoka kusikia watoto wao wakiitwa wagonjwa wa ubongo. Kirk akatumia jina la ulemavu wa kujifunza, na papo hapo akaliwekea mipaka: hakuwahesabu watoto wasioona wala wasiosikia, na hakuwahesabu watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa hiyo mpaka ninaoutetea hapa ni wa tangu mwanzo. Kilichotuvuruga ni kwamba Uingereza, kuanzia miaka ya 1990, idara za afya zilichukua maneno hayohayo zikayapa watu wenye ulemavu wa akili. Uganda tunasoma vitabu vya pande zote mbili. Mwalimu aliyefundishwa kwa kitabu cha Marekani na muuguzi aliyefundishwa kwa cha Uingereza wanaweza kukaa meza moja, wakataja jina moja, na kila mmoja akawa anamzungumzia mtoto mwingine kabisa.

Ulemavu wa akili hugusa mambo mengi kwa pamoja: kufikiri, kuelewa, kujihudumia, kuhesabu chenji dukani, kujua nani wa kuaminiwa. Mtoto huyo ana haki ya shule kama mwingine yeyote, na anahitaji mafunzo yaliyopunguzwa kasi na kuelekezwa kwenye maisha yake. Sitenganishi makundi haya ili kumpandisha mmoja na kumshusha mwenzake. Nayatenganisha kwa sababu msaada wa mmoja humdhuru mwingine. Mtoto mwenye disleksia ukimpunguzia masomo na kumpa kazi za watoto wadogo, unamnyima chakula cha akili anachokiweza vizuri. Anachohitaji ni njia nyingine ya kufikia masomo yaleyale: kufundishwa sauti za herufi hatua kwa hatua bila kuruka, kukata neno silabi kwa silabi, kuchora herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka, kusomewa swali, kuruhusiwa kujibu kwa mdomo. Hata darasa lenye watoto themanini linaweza kumkalisha mbele na kumpa mwenzake wa kusoma naye. Kurudia darasa peke yake hakumsaidii, maana atafundishwa tena kwa njia ileile iliyoshindwa. Fimbo ndiyo kabisa. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, na hata isingekataza, hakuna sauti ya herufi inayoingia kichwani kwa kiboko.

Sasa lugha, ambayo hapa kwetu ni jambo zito kuliko vitabu vya nje vinavyodhani. Tangu mwaka 2007 mtaala wetu unataka mtoto wa P1 hadi P3 afundishwe kwa lugha ya nyumbani, P4 uwe mwaka wa kuvuka, kisha Kiingereza kishike usukani. Mjini shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja. Katika makambi ya wakimbizi mtoto aliyezoea Kiswahili cha Kongo, labda na Kifaransa kidogo, anaingia darasa la Kiingereza kwa siku moja. Mtoto huyo akishindwa kusoma, tunachokiona ni lugha ngeni, na ugumu unaotokana na lugha ya kufundishia hauhesabiwi kuwa ulemavu wa kujifunza. Haihesabiwi pia njaa, wala utoro, wala mwaka mzima wa kukimbia vita, wala macho yanayohitaji miwani. Ndiyo maana macho na masikio hupimwa kwanza. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka ugumu uwe umedumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada unaolenga tatizo lake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo tunayoyaruka. Kama msaada haujatolewa, ni mapema mno kumpa mtoto jina.

Dawa ya utata huu ni kumsikiliza mtoto akisoma kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Akikisoma Kiswahili vizuri na kukwama kwenye Kiingereza, mfundishe Kiingereza. Akikwama kote, hapo fungua macho. Lakini kuna mtego. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, tofauti na Kiingereza chenye herufi nyingi zisizosomwa. Katika lugha za aina hii, kama Kiitaliano ambacho kimechunguzwa sana, mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma maneno sahihi ila polepole mno, kwa juhudi kubwa, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Mwalimu anayehesabu makosa tu atampitisha. Inabidi kusikiliza na mwendo.

Hili la majina lina matokeo hadi kwenye karatasi ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Baraza la mitihani, UNEB, linawatambua watahiniwa wenye disleksia miongoni mwa wenye mahitaji maalumu, na huwapa muda wa ziada wa hadi dakika 45. Wapo wanaopewa hata mtu wa kuwaandikia majibu. Lakini shule ndiyo inayopaswa kuwataja mapema. Mtoto aliyeandikwa mvivu kwa miaka saba hatajwi. Aliyeandikwa kuwa na ulemavu wa akili huenda hata P7 hakufika. Walimu waliosomea elimu maalumu wapo, Chuo Kikuu cha Kyambogo kina kitivo kizima cha kazi hiyo, ila kwa shule nyingi za vijijini mtaalamu yuko mbali na nauli ni ya kutafuta. Wa kwanza kuona atabaki kuwa mwalimu wa darasa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, unapoijaza ripoti ya muhula na jina hili likakujia, liache kwanza. Andika unachokiona: "Anaelewa akisomewa. Anajibu vizuri kwa mdomo. Anachanganya b na d. Anasoma polepole sana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Macho hayajapimwa." Mzazi ataelewa kila neno, na mtaalamu akifikiwa siku moja atajua pa kuanzia.