Unaona haya mbele za watu? Usianze na chupa

Mimi ni mshauri nasaha katika kliniki moja huku Eastlands, Nairobi. Vijana wengi huletwa kwangu kwa sababu ya pombe. Nikiuliza ilianzaje, mara nyingi naambiwa: "Nilikuwa naona haya."

Kuona haya ni ugonjwa?

Hapana. Wapo watu wakimya tangu utotoni na wanaishi vizuri. Inakuwa shida ya kiafya pale hofu ya kutazamwa na kusemwa inapodumu miezi 6 au zaidi, ikakunyima kazi, masomo au marafiki. Wengi huanza kuiona wakibalehe.

Nitaijuaje?

Moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, maneno kupotea. Lakini mimi hutazama zaidi kile unachokwepa. Kijana mmoja alikuwa akipitishwa stegi yake karibu kila jioni, kwa kuwa alishindwa kumwambia konda "shukisha" abiria wote wakisikia. Alingoja mwingine aitishe, kisha akarudi kwa miguu, hata mvua ikinyesha. Miaka miwili, na nyumbani hakuna aliyejua.

Nikinywa kidogo kabla ya intavyuu, si nitapata ujasiri?

Hapana. Pombe hutuliza hofu kwa saa chache tu. Ikiisha mwilini, wasiwasi hurudi kwa nguvu, ndiyo maana unaamka moyo ukidunda. Baya zaidi, unajizoesha kuamini kwamba bila chupa huwezi kufungua mdomo.

Hata bia moja?

Hata moja, kama unainywa ili uweze kuongea. Nimeshasikia "ni moja tu" kutoka kwa watu ambao sasa hawawezi kwenda kazini bila kuonja kwanza. Tafadhali, acheni kupeana ushauri huu!

Na vidonge vya kutuliza?

Usinunue diazepam kwa kemia bila kuandikiwa na daktari. Ina uraibu, na ukiichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua ukiwa usingizini.

Basi nifanye nini?

Izoee hofu polepole. Yule kijana tulimwanzisha na kumsalimia konda akipanda. Baadaye akauliza nauli. Kisha akasema "shukisha" matatu ikiwa na watu wachache, na mwishowe saa kumi na mbili jioni ikiwa imejaa, bila kuziba masikio kwa muziki. Kila hatua aliirudia siku nyingi mpaka moyo ukatulia. Ukibanwa, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Wengine huhitaji pia dawa za daktari, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Mtoto wangu hujificha wageni wakija.

Mzazi, usimwite bubu mbele yao, wala usimjibie kila swali. Mpe muda.

Nimeshazoea kunywa kila siku. Niache leo?

Usiache ghafla ukiwa peke yako, maana aliyezoea kunywa sana anaweza kupata degedege. Piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Nenda wiki hii. Wanaosema "baada ya Krismasi" huja wakiwa hoi. Na ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii.

Naona haya hata kuingia kliniki.

Andika shida yako kwenye karatasi, umpe nesi. Si lazima useme neno. Wengi wanaokuja kwangu huanza hivyo.